Ukingo Juu ya Paa

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo tunalolipita haraka: anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, kwa kuwa mtu akianguka kutoka pale, hatia itakuwa ya nyumba ile. Bado hakuna aliyeanguka. Mungu anadai upendo mapema, wakati msiba haujatokea.

Nililikumbuka agizo hilo niliposoma kazi ya watafiti wa Uswisi. Katika bonde la Mattertal, juu ya kijiji cha Randa na jirani zake, kuna miteremko ya mawe yaliyoshikwa na barafu, nayo husogea. Wenyeji wanajua hatari ya mlima: mwaka 1991, Aprili na Mei, jabali liliporomoka karibu na Randa, takriban mita za ujazo milioni 30, likafukia reli na barabara. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wamefunga huko vipokezi vya setilaiti vya bei nafuu vya kupima mwendo wa miteremko hiyo: nguzo, antena, betri na paneli ndogo ya sola.

Simu yako hukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa. Kipokezi hicho hufikia milimita kwa sababu hakina haraka. Hufuatilia wimbi lenyewe la setilaiti, lenye urefu wa kama sentimita 19, saa baada ya saa, kisha vipimo vyake hulinganishwa na vya kipokezi kingine kilicho karibu, penye ardhi tulivu. Makosa yanayoletwa na anga huvipata vyote viwili, kwa hiyo hufutana, na kinachobaki ni mwendo wa mlima.

Zamani kipokezi cha kazi hii kiligharimu makumi ya maelfu ya dola. Sasa kinapatikana kwa mia kadhaa. Kwangu hilo ni jambo la dhamiri, maana ukingo umeshuka bei, na kisingizio chetu kimepungua.

Sisi tuliowalilia ndugu zetu wa Katesh, baada ya tope la Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, tusijidanganye. Tope linaloshuka ghafla baada ya mvua kubwa laweza kufika kabla kipimo hakijasema lolote. Chombo hiki ni cha mteremko unaosogea polepole, ule unaopasua kuta za nyumba, nyufa ambazo watu huzikandika udongo wakaendelea kulala ndani.

Nacho chahitaji walinzi. Paneli hushika vumbi, majani hukua yakaziba antena, waya huliwa na panya. Kijana wa usharika anaweza kufundishwa kuvitunza. Na mwendo ukiongezeka, lazima awepo mtu anayeaminiwa na kila kaya, atakayebisha hodi usiku na kusema, "Mama, amka, tuhame." Wazee wa kanisa wa mitaa ya milimani, Jumapili hii baada ya ibada andikeni majina ya kaya zinazoishi chini ya miteremko, mkianza na zenye wagonjwa na vikongwe.