Nuru ya Jua na Akiba ya Taa



Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha watu ukarimu wa Baba, alilitaja jua, ambalo huwaangazia wema na waovu pamoja. Neno hili limezidi kuwa karibu nasi siku hizi, maana jua hilo sasa hutuwashia hata taa za usiku. Saa sita ya mchana, mbingu zikiwa safi, mita moja ya mraba hupokea nguvu ya wati kama 1000, na paneli iliyo njema hugeuza yapata sehemu moja katika tano kuwa umeme. Wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walipoonyesha chombo chao cha silikoni mwaka 1954, kiligeuza kama sehemu 6 tu katika 100, na bei yake haikuwa ya maskini. Lakini tangu mwaka 2010 bei imeshuka sana, hata twaona paneli juu ya nyumba za nyasi.

Basi, kwa kuwa jua ni la bure, wengi wetu twadhani na taa ni ya bure. Hapo ndipo tulipokosa, nasi twaungama, maana sisi wachungaji tulikuwa wa kwanza.

Zahanati ya usharika wetu ilipewa paneli na betri nne na marafiki wa mbali. Siku ya kuziwasha tuliimba, tukaomba, tukala wali. Mkunga akaiweka koroboi yake kabatini. Kisha vijana wakaomba kuchaji simu, nani angewakataza? Baadaye ikaungwa televisheni ya kutazamia mpira, nasi tuliketi tukatazama pamoja nao. Walakini betri za risasi, kama zile zetu, hudai mambo mawili: ziongezwe maji safi ya betri kwa wakati wake, wala zisinyonywe kupita nusu usiku baada ya usiku. Hatukufanya hili wala lile. Mzee mmoja wa kanisa alituonya mara mbili barazani, tukamhesabu kuwa mnung'unikaji. Mwaka wa tatu betri zikafa zote. Paneli zilikuwa nzima juu ya paa, na ndani mlikuwa giza.

Usiku mmoja wa masika akaletwa mama kwa machela, damu ikimtoka. Mkunga aliishika simu kwa meno, apate kuona kazi ya mikono yake. Mama akapona kwa rehema ya Mungu. Asubuhi mkunga alitujia, akatuamkia kama desturi, kisha akasema, "Baba Mchungaji, jana jua liliwaka mchana kutwa." Hatukuwa na jibu.

Mwaijua habari ya wanawali kumi. Tumeihubiri mara nyingi tukisema mafuta ni imani, wala hatuifuti tafsiri hiyo. Lakini angalieni: wote kumi walikuwa na taa. Wale wapumbavu walikosa akiba. Nasi tukiwaandikia wafadhili barua kila betri ifapo, twawagongea wenzetu usiku wa manane tukitaka mafuta yao.

Sasa tumenunua betri kwa mahindi ya mavuno. Televisheni imeondolewa, na baadhi ya vijana wametukasirikia hata leo. Achajiye simu hutia fedha sandukuni, nayo haiguswi kwa kazi nyingine, hata ya paa la kanisa. Maana paneli yaweza kudumu miaka 25 na zaidi, bali betri za namna hii miaka michache tu. Kifo chake si msiba wa ghafula. Zile zilizokufa zina risasi na asidi, ni sumu. Zisitupwe shambani wala kuachiwa watoto.

Wako pia wanaochukua taa za jua kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu, kama ilivyoenea Kenya tangu mwaka 2012. Si vibaya, ikiwa malipo hayazidi fedha ya mafuta ya taa. Lakini hesabuni kwanza, maana mwenye mali huweza kuizima toka mbali, deni likichelewa.

Ufunguo wa chumba cha betri tumemkabidhi mzee yule aliyetuonya. Kila Jumamosi hupanda kufuta vumbi juu ya paneli, nasi twamshikia ngazi.