Embe la Mama wa Kambo

Ndugu zangu wa Musasa, Kavumu, Bwagiriza na Nyankanda, na siye tunaoishi huku Carama, naleta swali ambalo limeninyima usingizi. Filamu za hadithi za watoto, zinawafaa kweli watoto wadogo? Msicheke. Najua tuna shida kubwa kuliko filamu. Lakini sikilizeni kwanza.

Jumamosi moja vijana wa mtaa wetu walitundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta, wakawaita watoto wote. Walionyesha "Blanche-Neige", filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937. Ilikuwa kwa Kifaransa, basi kijana mmoja akashika maikrofoni na kufasiri kwa Kiswahili, kama wanavyofasiri zile filamu za kivita. Watoto walicheka sana na wale watu saba wafupi. Miye nilikuwa nyumbani nasonga ugali. Nikasema moyoni, asante Mungu, leo angalau nitapumua kidogo.

Kesho yake nikammenyea embe binti yangu wa miaka mitano. Akalitazama lile embe. Akanitazama miye. Akasema, "Weye kula kwanza."

Niseme wazi: mtoto huyu sikumzaa. Mama yake alifariki kule Uvira kabla sijaolewa na baba yake. Usiku tulipovuka Ruzizi alikuwa mgongoni kwangu, na tangu hapo ananiita mama. Lakini baada ya filamu, watoto wakubwa wa jirani walimwambia: "Hata wako ni wa kambo." Kwa hiyo miye ndiye nikawa yule malkia mwenye tufaha la sumu.

Nilipowaeleza wenzangu, wengi walisema ubaya wa filamu ile ni kwamba inatisha. Ni kweli. Malkia anamtuma mwindaji amuue msichana na kuleta moyo wake ndani ya kisanduku. Mwindaji anamhurumia, msichana anakimbilia msituni peke yake, na miti inaonekana kama inamshika nguo. Mtoto aliyewahi kukimbia usiku si mchezo kumwonyesha hayo. Hata Uingereza, mwaka 1938, wakaguzi wa filamu waliamua kwamba mtoto chini ya miaka 16 aingie kuitazama akiwa na mtu mzima.

Lakini ule woga wa msitu binti yangu aliumaliza. Aliota vibaya siku mbili, siku ya tatu akalala. Lililobaki ni lile embe. Hapo nikaona kuna woga wa namna mbili. Kuna woga wa kitu, na huo hupungua ukishikwa mkono. Na kuna woga wa mkono wenyewe unaokushika. Huo wa pili atakuondolea nani?

Hadithi hiyo ina historia. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha mwaka 1812. Katika kitabu kile cha kwanza, malkia mbaya alikuwa mama mzazi wa msichana. Katika toleo la 1819 wakambadilisha, akawa mama wa kambo. Wataalamu wengi husema walitaka kulinda heshima ya mama mzazi. Sawa, mama mzazi alilindwa. Lakini deni lake alitwishwa mwanamke mwingine, na siye ndio tunaolilipa mpaka leo.

Hesabuni wenyewe, nyumba kwa nyumba, pale mlipo. Ni watoto wangapi wanaolelewa na shangazi, bibi, dada mkubwa, mke wa baba, au jirani aliyewaokota njiani? Vita haviui tu, vinagawa upya na watoto. Kila tunapoandikishwa tunaulizwa: "Wewe ni nani wake?" Sasa na filamu nayo inauliza, tena mbele ya mtoto.

Hata hivyo siwezi kusema hadithi hizi zifutwe. Nisiwasingizie Wazungu peke yao, maana hata bibi yangu alitusimulia habari za mama wa kambo mkatili, pamoja na mazimwi yake. Na ukweli usemwe: mama wa kambo wakatili wapo. Wafanyakazi wa mashirika wanawajua, na sisi majirani tunawajua. Mtoto anayenyimwa chakula au kupigwa kila siku huenda akapata katika hadithi kama hiyo neno la kusema yanayompata. Tukiifuta ili miye nisiumie, tutakuwa tumemziba yeye mdomo.

Ila bibi alikuwa anatuona nyuso. Akiona mmoja wetu amenyamaza vibaya, anageuza: kesho yake analeta hadithi ya shangazi aliyemwokoa mtoto. Shuka jeupe halioni uso wa mtu. Ndiyo maana nasema kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimwacha mtoto na ukuta ili nipike kwa raha.

Baadaye niliiazima filamu ile kwenye simu, tukaitazama wawili, nimempakata. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulisikia kwa yeyote. Nikamuuliza, "Hawa watu saba ni baba zake?" Akasema hapana. "Ni wajomba zake?" Hapana. "Sasa mbona wanamweka kwao?" Akafikiri. "Kwa sababu alikuwa anakimbia."

Kumbe mlezi asiye mzazi yumo mara mbili humo ndani, mbaya na mwema, na anayemficha mkimbizi ndiye asiye na undugu naye hata kidogo. Na yule malkia hakuharibika kwa kuwa hakuzaa. Aliharibika kwa wivu, kila siku na kioo chake. Wazee walishasema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenye projekta na kwa wafanyakazi wa mashirika ni dogo. Kabla ya kuonyesha, muulizeni anayezijua nyumba za watoto hao. Baada ya kuonyesha, msizime tu na kuaga. Kaeni nao dakika kumi. Waulizeni nani amewatisha, na kama kuna mtu wanayemjua aliye hivyo. Akitokea mtoto akasema "ndiyo", msimcheke wala msikimbilie kumtuliza. Huenda ni embe tu. Huenda pia anawaambia jambo zito.

Nyumbani kwangu bado nakula kipande cha kwanza mbele yake. Cha pili anachukua mwenyewe. Sina haraka.