Mfanyi Biashara Akihama, Lawama Ni Ya Nani?

Huulizwa katika darasa zetu: mwenye kampuni akiuacha mji uliomtajirisha, akenda kwengine kwa ajili ya kodi ndogo, je, amekhini? Twapenda kulijibu suala hili kwa mfano wa Marekani, kwani huko limedhihiri wazi.

Mji wa Kansas City umekatwa na mpaka. Upande mmoja ni jimbo la Missouri, upande wa pili ni jimbo la Kansas, na pahala pengine kinachoyagawa majimbo hayo ni njia moja tu. Kila jimbo lina sharia zake na kodi zake. Kwa miaka mingi kila moja liliyavuta makampuni ya jirani yake kwa ahadi ya kuyasamehe kodi. Kampuni ya sinema ya AMC iliondoka Missouri ikenda Leawood, upande wa Kansas. Mwaka 2011 kampuni ya mikahawa ya Applebee's ikatoka Kansas ikenda Missouri, na 2015 ikatangazwa kuwa makao yake yatahamia California. Kazi hazikuzaliwa, ziliruka mpaka tu, na hazina za majimbo zikapungukiwa. Hata mwaka 2019 majimbo mawili hayo yakaafikiana kuacha kunyang'anyana makampuni katika wilaya za mpakani.

Sisi twasema: kuhama kwenyewe si haramu. Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, na riziki hutafutwa. Mfanyi biashara huangalia kodi, ujira, hukumu za mahakama na bandari. Na anayekimbia dhuluma ana udhuru. Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake ya mwaka 1377, alieleza kuwa kodi zikizidi watu huvunjika moyo wa kuchuma, na mapato ya dola hupungua badala ya kuongezeka. Hilo ni onyo kwa watawala.

Lakini yuko mtu wa tatu asiyetajwa: mwenye duka dogo asiyeweza kuhama. Yeye hulipa kodi kamili, na kwa kodi yake hutengenezwa njia na skuli anazozitumia yule aliyesamehewa. Hapo ndipo ilipo lawama. Hazina ni amana ya wote. Mtawala akimpa mwenye vitisho na akamnyima mwenye subira, amewafunza raia kuwa uaminifu ni hasara. Na mwenye kampuni atangazaye kuhama, hali hana nia, ili apewe tu, huyo amedanganya, hata akiuita udanganyifu wake hesabu.

Nasi jambo hili halituko mbali. Sharia ya Kenya ya mwaka 1990, iliyohusu viwanda vya bidhaa za kupelekwa nje, ilisamehe kodi ya faida kwa miaka 10. Hatusemi kila msamaha ni mbaya. Twasema upimwe kwa mizani moja: je, umeleta kazi isiyokuwako, au umemtwika asiye na sauti mzigo wa mwenye nguvu?

Wallahu aalam.