Minara Imeuzwa, Amana Je?

Tarehe 8 Julai 2021, Telenor ya Norwei ilitangaza kwamba inaiuza kampuni yake ya simu ya Myanmar kwa kundi la M1 la Lebanoni, kwa dola milioni 105. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 1 Februari, jeshi lilikuwa limeipindua serikali iliyochaguliwa na kumtia kizuizini kiongozi wake, Aung San Suu Kyi. Ndani ya bei ile mlikuwa na minara, leseni, masafa na jina zuri lililojengwa kwa miaka saba. Mlikuwa pia na kitu ambacho hakikupangiwa bei yake: kumbukumbu za wateja wapatao milioni 18. Nani kampigia nani, saa ngapi, wamezungumza dakika ngapi, simu ikiwa imeshika mnara upi. Na jina la kila mmoja, pamoja na kitambulisho alichosajilia laini. Kwa mhasibu, hayo ni madaftari ya malipo. Kwa askari anayemsaka kijana aliyeongoza maandamano, ni orodha ya rafiki zake na mtaa anakolala. Biashara ina majibu yake kuhusu mauzo haya, na sheria ina yake. Mimi nauliza swali la dini, ambalo naona limetangulia yote hayo: kumbukumbu zile zilikuwa mali ya muuzaji, au zilikuwa amana mkononi mwake?

Telenor haikuzaliwa kampuni. Ilianza mwaka 1855 kama idara ya serikali ya kusimamia telegrafu, baadaye ikabeba na simu, na kwa karibu miaka mia moja na arobaini ilikuwa chini ya serikali inayojibu bungeni. Mwaka 1994 ikageuzwa kampuni ya hisa, na Desemba 2000 hisa zake zikaingia sokoni Oslo, ingawa serikali ilijibakizia zaidi ya nusu na haijaiachia sehemu hiyo. Norwei ina watu milioni tano na ushei, na wenye kutaka simu walikuwa wameshazipata. Anayetaka kukua ilibidi akatafute ng'ambo. Grameenphone ya Bangladesh ilifungua huduma Machi 1997, zikafuata Malaysia, Thailand, Pakistan na nchi kadhaa za Ulaya ya Mashariki. Myanmar ilipofungua mlango mwaka 2013, kampuni zaidi ya tisini zilionyesha nia, zikachaguliwa mbili tu, Telenor na Ooredoo ya Qatar. Mtu asidhani jina la Norwei halikuwa na uzito katika uteuzi ule. Hii ni nchi isiyowahi kuitawala Asia, yenye sifa ya serikali safi, na ndiko inakotolewa Tuzo ya Amani ya Nobel, ambayo Suu Kyi mwenyewe alipewa mwaka 1991. Kampuni iliingia Yangon ikiwa na heshima ya dola nyuma yake, na heshima hiyo ilisaidia kuuza laini.

Katika fikihi ya Kishafii, inayosomeshwa katika vyuo vya mwambao wetu tangu Lamu hadi Kilwa, mlango wa amana si mrefu lakini ni mkali. Aliyewekewa amana hana miliki, ana ulinzi tu. Hairuhusiwi aitumie, wala amkabidhi mtu mwingine pasipo idhini ya mwenyewe. Akitaka kusafiri, airudishe kwa mwenye mali au wakili wake. Asipowapata, ampelekee kadhi. Na kadhi naye asipopatikana, ndipo ampe mtu mwaminifu. Ikipotea bila uzembe wake, halipi. Ikipotea kwa uzembe wake, inageuka deni shingoni. Mfano unaotajwa sana ni wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamekwisha kula njama ya kumuua Mtume, naye anatoka Makka kwa siri. Lakini nyumbani kwake zimo amana za watu wa mji, wakiwamo wasiomwamini. Alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma azirudishe moja moja kwa wenyewe, kisha ndipo amfuate Madina. Hakuna hali ya kuhama iliyo ngumu kuliko ile, na bado haikuonekana kuwa udhuru wa kuziacha amana chini ya mikono ya atakayeingia nyumbani.

Msomaji atasema, na ana haki, kwamba bodi ya Telenor haikukaa kitako mbele ya shehe. Kwa nini ihukumiwe kwa kitabu isichokisoma? Jibu langu ni kwamba inakijua kwa jina lingine. Tangu Julai 2018 Norwei inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, na kiini chake ni kilekile: taarifa za mtu zikusanywe kwa kazi aliyoambiwa, zisitumiwe kwa nyingine, zisiwekwe kupita haja, naye awe na haki ya kuuliza na kudai zifutwe. Mteja wa Bergen analindwa kama mwenye amana. Mteja wa Mandalay, aliyetumia laini ya kampuni hiyohiyo yenye nembo ileile, alilindwa kwa hisani tu. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia si cha kigeni kwao; ni chao wenyewe, walichokiacha uwanja wa ndege.

Kuna pingamizi zito zaidi. Kumbukumbu za simu hazifanani na sanduku la dhahabu aliloweka mtu kwa jirani. Mteja hakuziweka, zimezalishwa na mitambo ya kampuni, kwa gharama ya kampuni, na bila hizo hakuna wa kumtoza. Zaidi ya hayo, kampuni za simu huuzwa kila siku. Telkom Kenya, iliyokuwa ya serikali, iliuzwa asilimia 51 kwa France Télécom mwaka 2007. Mwaka 2016 Wafaransa wakaondoka na hisa zao zikaenda kwa kampuni ya uwekezaji ya Helios. Je, kuna Mkenya aliyeulizwa kuhusu kumbukumbu zake? Kama kila mauzo ya namna hii ni khiyana, basi dunia nzima ya simu ni khiyana, na neno limepoteza maana. Nakubali nusu ya hoja hii. Mnunuzi anapoingia chini ya mahakama zilezile na katiba ileile, mlinzi amebadilika lakini kadhi yupo. Mteja akionewa ana pa kushtaki, na ukimya wake unaweza kuhesabiwa kuwa ni idhini. Nusu ya pili siikubali. Siri haiwi mali ya aliyeisikia kwa sababu sikio ni lake. Mafundisho ya Kiislamu yanahesabu mazungumzo kuwa amana pale msemaji anapogeuka kuangalia asisikiwe, na sioni tofauti kati ya kugeuka huko na mtu kunong'ona kwenye simu. Myanmar ya 2021 haikuwa na kadhi. Aliyekuwa akizitaka kumbukumbu ndiye aliyekuwa akiwateua mahakimu.

Hapo linakuja jambo la kulazimishwa, nalo halifai kupitwa haraka. Baada ya mapinduzi, amri za kuzima mtandao na kufunga kurasa zilimiminika. Mwanzoni Telenor ilizichapisha moja baada ya nyingine, watu wazione. Katikati ya Februari ikaacha, ikisema haiwezekani tena. Maombi ya taarifa za wateja nayo yalikuja, na kampuni ikayatekeleza, kwa maelezo kwamba kukataa kungehatarisha wafanyakazi wake. Septemba ikafafanua kwa nini inaondoka: ilikuwa inasukumwa kuwasha mitambo ya kunasa mazungumzo, jambo ambalo lingegongana na vikwazo vya Ulaya. Imam Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, anasema mtu mwenye amana akijiwa na dhalimu anayetaka kuinyakua, ni wajibu aseme uongo kuificha. Moja ya mahali pachache ambapo uongo unakuwa fardhi. Lakini Nawawi alikuwa akimzungumzia mtu anayehatarisha ulimi wake na shingo yake mwenyewe. Mkurugenzi aliyeko Oslo hana haki ya kutoa shingo ya fundi aliyeko Yangon. Naliona hilo, na sitamlaumu karani yeyote wa Kiburma aliyebonyeza kitufe huku akitazamwa na mwenye bunduki. Fikihi nayo haimlaumu: aliyenyang'anywa kwa nguvu hana deni.

Lakini udhuru wa siku ya bunduki haufuti uzembe wa miaka iliyotangulia. Katiba ya Myanmar ya mwaka 2008 iliandikwa na majenerali wenyewe, ikawapa robo ya viti vya bunge bila kupigiwa kura, na wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Haikuwa siri. Aliyetia saini leseni alitia saini na nchi ambayo jeshi lake lilikuwa limekaa chumba cha pili, mlango wazi. Baadaye kampuni ilijitetea kwamba haiwezi kufuta kumbukumbu kwa kuwa masharti ya leseni yanaikataza. Sawa; nani alikubali masharti hayo? Mtu anayepokea amana huku akijua hataweza kuirudisha wala kuificha siku ya shida, ameshafanya uzembe wakati wa kupokea. Na hapa pana kitu kinachonikera kuliko vyote katika kisa hiki. Telenor ilikataa kuwasha mtambo wa kusikiliza, na kwa hilo ilistahili sifa. Kisha ikaondoka na kuliacha daftari mezani. Mikono yake ikabaki safi kwa mujibu wa vikwazo vya Ulaya, na taarifa za wateja zikabaki zilipo. Mauzo yalipokamilika Machi 2022, mwenye hisa nyingi katika kampuni mpya hakuwa M1 bali Shwe Byain Phyu, kampuni ya wenyeji ambayo wanaharakati walikuwa wamekwisha kuanika uhusiano wake na jeshi. Miezi michache baadaye jina likawa ATOM.

Sasa dhambi hii iandikwe kwa nani? Ndilo pingamizi la wanafalsafa: kampuni haina roho, haifufuliwi, haiulizwi kaburini; ni mkataba tu kati ya watu, na kusema ina amana ni sawa na kusema barabara ina adabu. Waislamu wa zamani walilikuta tatizo hili katika wakfu, ambao unamiliki nyumba na mashamba, hupokea kodi na kudaiwa, ilhali si mtu. Hawakusema wakfu hauna dhamana. Walimtaka mutawali, mtu mwenye jina na baba, anayejibu kwa kila pishi ya mtama. Katika kisa cha Telenor, mutawali hakuonekana. Serikali ya Norwei, mwenye zaidi ya nusu ya hisa, ilisema mauzo ni kazi ya bodi na uongozi. Uongozi ukasema unabanwa na sheria za Myanmar. Sheria za Myanmar zilikuwa kinywani mwa aliyepindua. Wakristo wanamkumbuka Pilato na bakuli lake la maji, lakini Pilato angalau alikuwa mmoja na alijulikana alipokaa. Idara ilipokuwa idara, kosa la mkuu wa telegrafu lilipanda hadi kwa waziri na kuishia bungeni. Ilipogeuzwa kampuni na kuvuka bahari, faida ilibaki na njia ya kurudi nyumbani kwa gawio la hisa, ila lawama haikupewa njia. Hilo ndilo badiliko la kweli, na ndilo ninalolipinga. Si ubinafsishaji wenyewe, ambao una mazuri yake.

Mazuri hayo hayafai kufichwa. Kabla ya 2014 laini ya simu Myanmar iliuzwa kwa mamia ya dola, na miaka ya nyuma zaidi kwa maelfu. Telenor na Ooredoo walipoanza, iliuzwa kyat 1,500, karibu dola moja na nusu. Vijana waliojipanga barabarani Februari 2021 walijipanga kwa simu hizo. Na mtu akisema kwamba bila Wanorwei nafasi ingejazwa na wabaya zaidi, hasemi uongo: mtandao wa Mytel ni ubia wa kampuni ya jeshi la Myanmar na Viettel, kampuni ya wizara ya ulinzi ya Vietnam, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la Halotel. Lakini aliyekufanyia wema wa kukuuzia kwa bei rahisi hajapata kwa wema huo haki ya kuacha siri zako kwa adui yako. Wema ni hesabu moja, amana ni nyingine, na haziondoani.

Mwishoni mwa Julai 2021, kwa niaba ya mashirika 474 ya kiraia ya Myanmar, malalamiko yalifikishwa kwenye chombo cha Norwei kinachosimamia miongozo ya OECD kwa makampuni ya kimataifa. Chombo hicho husuluhisha. Hakina nguvu ya kulazimisha. Mauzo yakaendelea. Kwa kipimo nilichokitumia hapa, amana iliyopotea kwa uzembe imegeuka deni, na deni lina mdai na mdaiwa. Mdaiwa mkubwa ni mwenye hisa mkubwa, yaani hazina ya Norwei, ambayo haiwezi kudai gawio kwa mkono mmoja na kwa mwingine ikasema haihusiki. Mdai ni mteja aliyekamatwa kwa rekodi ya simu, na mwenzake aliyevuka mpaka akakimbilia Mae Sot, Thailand. Norwei ina visa ya kumpa, mawakili wa kumlipia na mahakama za kumsikiliza. Hivyo vyote viko ndani ya uwezo wa waziri, bila kuisubiri bodi.