Huruma Inayoanzia Tumboni



Kuna neno la Kiingereza, "bowels". Maana yake matumbo, na leo ukilisikia ujue uko kwa daktari. Lakini Agano Jipya la Kikatoliki la Kiingereza, lililochapwa Rheims, Ufaransa, mwaka 1582, linalitumia kwa huruma. Kwenye Wakolosai 3:12 Paulo anawaambia waamini wavae matumbo ya huruma! Kiukweli, nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka.

Watafsiri wale hawakukosea. Walifuata Kilatini "viscera", na nyuma yake kuna Kigiriki "splankhna", yaani viungo vya ndani kabisa: moyo, ini, utumbo. Luka anatumia kitenzi cha neno hilohilo kwa Msamaria (Lk 10:33). Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria alimwona, tumbo likamsokota.

Sasa mimi na digrii yangu ya falsafa. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia analia, amefeli mtihani. Nikampa hoja tatu, zimenyooka kweli. Akaniambia, "Kaka, sikukuomba hoja," akakata simu.

Nilimwona nikapita, kama Mlawi, tena mimi na maelezo juu.

Kila asubuhi kwenye Masifu tunasali Wimbo wa Zakaria, na katika Kigiriki cha Luka neno lile limo humo (Lk 1:78). Juzi nilipofika hapo nikakwama. Baada ya Misa nikampigia. Alilia tena, na safari hii sikusema kitu.