Boksi jekundu la ayi

Siku mbili kabla sijaondoka Beijing, Januari 2019, mama wa rafiki yangu alinipa boksi jekundu. Alilishika kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kijijini kwetu Didia kumpa mtu kitu. Akasema maneno marefu, binti yake akanifasiria: "Ni dawa ya damu, mpelekee mama yako. Anasema mwanamke aliyezaa watoto saba damu yake imechoka."

Kwenye kifuniko palichorwa punda.

Nilikuwa huko kwa muhula mmoja, kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Nilikwenda nikijua kabisa nitasimulia nini nikirudi: treni za chini ya ardhi, baridi ya kukufanya usahau kama una masikio. Rafiki yangu alikuwa anasomea Kiswahili. Lugha yetu inafundishwa jijini mle tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, miezi michache kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake. Kiswahili chake kilinyooka. Changu kina vumbi la Kisukuma. Alikuwa akinisahihisha ngeli, nami nikinuna. Jumapili alinipeleka kwao, kwa mama yake niliyemwita ayi, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Ayi alizaliwa kijijini, mkoa wa Shandong, na imani yake ilikuwa moja: mgeni mwembamba ni aibu ya mwenyeji.

Sasa huyo punda.

Didia iko kando ya barabara ya lami itokayo Tinde kwenda Shinyanga mjini. Mabasi ya Mwanza yalipita, maji hayakupita. Kiangazi kikikolea, mama alikuwa akiamka alfajiri, anamfunga punda wetu madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu, wanaongozana kisimani. Kwetu kumwita mtu punda ni tusi, na kila mtoto anajua kwamba shukrani ya punda ni mateke. Yule wetu hakuwahi kumpiga mtu teke. Mateke tulimpiga sisi.

Usiku mmoja wa mwaka 2017 akaibwa. Asubuhi tulimkuta kwenye majaruba ya mpunga, nyama yote ipo, ngozi haipo. Baba aliuzunguka mzoga mara mbili akiuliza ni mwizi gani huyu anayechukua ngozi na kuacha nyama. Mama hakuuliza kitu. Alirudi nyumbani akachukua ndoo, na tangu siku ile maji yalikuja juu ya kichwa chake, kwa sababu bei ya punda ilikuwa imepanda kuliko uwezo wetu.

Jibu la swali la baba nililikuta madukani Beijing. Dawa yenyewe inaitwa ejiao. Ngozi ya punda huchemshwa mpaka itoe ute, na ute huo hugandishwa kuwa vibao vya kahawia iliyokolea, mithili ya gundi ya seremala. Wanawake huitumia kuongeza damu, hasa baada ya uzazi. Wengine huichanganya na jozi na ufuta mweusi ikawa kama kashata. Zamani ilikuwa ya wakubwa. Watu walipopata fedha, kila binti akataka kumnunulia mama yake. China ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Robo karne baadaye hawakufika milioni 3. Punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mmoja, huwezi kumharakisha kama kuku wa kisasa. Wanunuzi wakageukia Afrika, na Shinyanga mjini, karibu kabisa na kwetu, pakawa na machinjio ya punda. Ngozi haina jina. Aliyemchuna wetu aliiuza anakojua yeye.

Kwa hiyo nilipoliona lile boksi nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Mbele yangu alisimama mama mfupi mwenye sweta la kufuma, mjane anayeishi kwa pensheni, na bei ya dawa ile nilikuwa naijua. Nikalipokea, kwa mikono miwili.

Kwenye ndege nilikumbuka almasi ya waridi. Shuleni tulisimuliwa kwa fahari kwamba mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, jirani zetu, ulitoa jiwe la karati 54.5, na mwenye mgodi, John Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi. Hatukuambiwa ni mikono ya nani iliyoliokota, wala sisi hatukuuliza. Tulipiga makofi.

Nilipanga kumdanganya mama. Alipolinusa boksi na kuuliza limetengenezwa kwa nini, uongo ukanishinda, nikamwambia. Kaka zangu wakaanza kupaza sauti. Mama akawanyamazisha kwa kiganja, akakaa kimya mpaka chai yangu ikapoa.

"Huyo mama ana watoto wangapi?"

"Mmoja, mayu."

"Mmoja tu! Na mume?"

"Alishafariki."

Akainuka, akaliweka boksi juu ya kabati, akaingia ndani. Alitoka na kiroba cha michembe, akaketi kuchagua vipande ambavyo wadudu hawajavitoboa.

Mwaka 2022 serikali yetu ilipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafiki katazo kama hilo kwa bara zima. Nilimpigia mama simu kumwambia. "Vizuri," akasema, kisha akaniuliza habari za ayi. Boksi liko palepale, halijafunguliwa, na kila Jumamosi hupanguswa vumbi.

Michembe ile ilikuwa imebebwa kwa ayi na mwanafunzi mwingine aliyekuwa akienda Beijing. Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe wa rafiki yangu. Aliandika kwamba mama yake alifungua kiroba, akatafuna kipande kikavu vilevile, akacheka hadi akafuta machozi: viazi vilivyokatwa na kukaushwa ndivyo vilivyomlea Shandong, miaka ya njaa, mpaka akaapa hatavila tena. Usiku ule alivichemsha kwenye uji akala bakuli mbili. Na alikuwa na swali moja kwa mama yangu: je, nyinyi mnaanika juu ya paa, au juu ya mawe?