Kielezi 'Presently' na Deni la Ahadi

Msomaji wa leo anapokikuta kielezi 'presently' katika tamthilia za Shakespeare, aghalabu hukifasiri kuwa 'baada ya muda mfupi'. Fasiri hiyo huharibu mambo. Katika tendo la nne la Julius Caesar, tamthilia iliyoigizwa London mwaka 1599, Brutus anamtaka Cassius shauri kuhusu kwenda Philippi, na kielezi anachokitumia ni hicho. Enzi hizo kilimaanisha 'papo hapo'. Brutus anataka jeshi liondoke mara moja; Cassius anaona heri adui aachwe awatafute wao, amalize akiba yake na kuwachosha askari wake. Kielezi kikisomwa kama 'baadaye kidogo', mgogoro wao unapooza, na haraka ya Brutus, ambayo ndiyo inayomponza, haionekani tena.

'Presently' hakikuteleza peke yake. 'Soon' kilitokana na 'sona' ya Kiingereza cha kale, yaani 'mara moja'. 'Anon' nacho kilipita njia iyo hiyo. Shakespeare aliunasa utelezi huo. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, Francis, mtumishi wa kilabu cha mvinyo, huitika 'anon' kila aitwapo, wala haendi. Hadhira hucheka.

Je, Francis ni mwongo? Mwongo hukusudia kupotosha, ilhali Francis anaitwa huku na kuzuiwa kule, tena kwa hila ya mwana wa mfalme. Nia yake ni ya kweli. Miguu yake ndiyo isiyofika. Hata hivyo, kumsamehe Francis hakumalizi swali. Kila 'anon' isiyotimizwa humdhulumu mtu ambaye hayupo jukwaani: yule atakayekuja kweli papo hapo, asiwe na neno la kuaminiwa. (Wala Mswahili asimcheke Mwingereza. 'Naja sasa hivi' ya fundi hujulikana kote, na anayetaka kusadikiwa hulazimika kusema 'dakika hii hii'.) Hapana mtu mmoja wa kushtakiwa, na dhuluma ipo.

Mzigo huo humwangukia mtafsiri. Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia ya Kaisari ilitoka mwaka 1963, na yeyote aliyemfuata, hana budi kuchagua neno mbele ya shauri lile la Philippi. 'Punde' lingemfanya Brutus afanane na Cassius.